Fahamu: Jinsi viti vitupu vinavyoua mswada wa jinsia Kenya

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ililipatia Bunge muda hadi Agosti 2015 kutunga sheria ya kutekeleza sharti hilo. Muda ulipita. Njia iliyojaribiwa ni kurekebisha Katiba, na hilo linahitaji kura 233 kati ya wabunge 349, kwa hiyo asiyefika ana uzito sawa na anayesema hapana, ila yeye jina lake haliandikwi kati ya waliopinga. Mwaka 2016 mswada wa marekebisho hayo uliangushwa. Februari 2019 haukupigiwa hata kura, kwa kuwa waliokuwemo ukumbini walikuwa 174 tu, ingawa vinara wa pande zote mbili waliuunga mkono hadharani. Huo ni uzuiaji, tena wa aina mbaya zaidi, maana hauna mtu wa kuulizwa.

Wapo wanaosema wanawake wapambane debeni kama wengine, na kwamba viti vya ziada vya wanawake, ambavyo mswada ungeunda, vitamwongezea mlipa kodi mzigo. Hoja ya gharama ni ya haki. Lakini debe limeshajaribiwa: mwaka 2022, kati ya maeneobunge 290, wanawake walishinda 29. Na anayepinga viti hivyo ana wajibu wa kuingia ukumbini apinge kwa kura yake. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kosa la kutotunga sheria hiyo; Bunge halikuvunjwa. Mpigakura, muulize mbunge wako alikuwa wapi.