Herufi PWM kwenye kontrola ya sola zina maana gani, na kwa nini waya mpya peke yake hautoshi

Ukiingia duka la vifaa vya sola Kahama, Katoro au Geita mjini, utaoneshwa kisanduku kidogo chenye kioo na vitufe viwili vitatu. Hiyo ndiyo chaji kontrola, inayokaa kati ya paneli na betri. Bila hiyo, taa na chaji za simu kwenye makambi ya wachimbaji wadogo na vitongoji ambavyo nguzo za umeme hazijafika zingezimika mapema, kwa sababu betri zingekufa.

Kwenye boksi lake mara nyingi utakuta herufi tatu: PWM. Siku hizi huongezwa maneno mengine, kwamba inafaa betri za lithiamu au ina kipima joto. Wengi wetu huuliza bei na amperi tu. Lakini maneno hayo yanagusa uhai wa betri yako, na hata usalama wa nyumba.

PWM inafanyaje kazi?

Paneli tunayoiita ya volti 12 hutoa volti 18 hivi jua likiwa kali. Betri ya asidi ya volti 12, kwa kawaida, haitakiwi kuchajiwa kupita volti 14.4 hivi. Lazima awepo mlinzi katikati.

Fikiria unajaza dumu kisimani. Mwanzo unamimina mfululizo. Maji yakikaribia shingo, unamimina kidogo, unasimama, unamimina tena, ili yasimwagike. Kontrola ya PWM hufanya hivyohivyo kwa umeme: inawasha na kuzima, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Ndani yake kuna chipu inayohesabu. Tuseme inahesabu kuanzia 0 hadi 99, kisha inaanza upya. Ikipewa namba 70, inawasha umeme katika hesabu 70 za kwanza na kuuzima katika 30 zilizobaki. Betri inapata umeme asilimia 70 ya muda. Ikikaribia kujaa, namba hiyo inashushwa: 40, 20, 5.

Ila sehemu hiyo inayohesabu haijui betri ni kitu gani. Anayeipa namba ni programu ndogo iliyoandikwa kiwandani. Wataalamu huiita draiva, na jina linafaa: gari ni chipu, dereva ni programu.

Kuongeza kipima joto

Betri ya asidi ikiwa na joto, inatakiwa ichajiwe kwa volti pungufu. Kwa betri ya volti 12, kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguzwa volti 0.02 hadi 0.03 hivi. Chumba cha bati Shinyanga kikifika nyuzi 35, kikomo cha 14.4 kinapaswa kushuka hadi 14.1 au 14.2. Ni tofauti ndogo, lakini ikipuuzwa kila siku, maji ya betri yanakauka na betri inakufa kabla ya wakati wake.

Basi kiwanda kinaongeza waya wenye kipima joto. Kazi imeisha? Hapana, ni nusu tu. Programu nayo lazima iongezewe maelekezo: waya umeingia mguu upi wa chipu, usomwe kila baada ya muda gani, na kikomo kibadilishwe vipi.

Tena lazima ijue la kufanya panya akikata waya. Kwa kipima joto cha aina inayotumika sana, waya uliokatika husomeka kama baridi kali mno. Programu isiyofikiria hilo itaongeza volti wakati betri tayari inaungua kwa joto. Programu nzuri hugundua kwamba kipimo hicho hakiwezekani, ikarudi kwenye nyuzi 25.

Ndiyo maana fundi wa mtaani, hata awe hodari, hawezi kukufungia waya wa joto kwenye kontrola ya zamani ukafanya kazi. Dereva wa humo hajaambiwa kwamba waya huo upo.

Lithiamu: hapa ndipo penye hatari

Betri za lithiamu zinazouzwa kwa jina la volti 12 haziko aina moja. Iliyoundwa kwa seli tatu za kawaida hujaa kwenye volti 12.6. Ya seli nne za chuma na fosfati huchajiwa hadi 14.4 au 14.6. Ile ya seli tatu ukiiunganisha na kontrola inayodhani inachaji betri ya asidi, itasukumwa kuelekea 14.4. Ulinzi wa ndani ya betri ukishindwa, inaweza kuvimba au kushika moto.

Kabla hujalipa

Mwombe muuzaji awashe kontrola akuoneshe sehemu ya kuchagua aina ya betri. Kwenye nyingi huandikwa b1, b2, b3, lakini maana hutofautiana, kwa hiyo tazama kijitabu chake. Kama lithiamu haimo kwenye orodha hiyo, usiamini maandishi ya boksi. Na kama imo, linganisha volti zake na zilizoandikwa kwenye betri yako.

Ukifika nyumbani, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Kontrola nyingi huitazama betri ili kujua kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Paneli ikitangulia, inaweza kukosea au kuungua. Wakati wa kufungua, paneli ndiyo itangulie kutoka.