Fremu ya rangi gani kwa ukuta wa Kismayu?

Mchuuzi anayepakia fremu za picha Lamu au Mombasa kuzipeleka Kismayu huwa amebeba vitu viwili kwa bei moja: mbao na rangi. Mbao ikiwa mbovu, atalalamikiwa baada ya msimu mmoja wa mvua. Rangi ikiwa siyo, hatalalamikiwa na mtu, kwa sababu hakuna atakayenunua. Mzigo utakaa dukani hadi chumvi ya bahari iule, na mtaji uliomo humo hautarudi.

Neno lenyewe lina mtego wake. Kenya na pwani ya kaskazini, fremu ni ile ya picha, mlango au dirisha. Dar es Salaam, ukisema unatafuta fremu kumi za bei nafuu, dalali atakuja na funguo za vyumba kumi vya duka.

Kazi ya kuchagua rangi huanzia ukutani. Nyumba za kale za mwambao huu, tangu Kismayu, kupitia visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, hadi Ras Kamboni na kuvuka mpaka kuingia Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Weupe wa chokaa si weupe wa karatasi. Una umaziwa, na kadiri miaka inavyopita huingia madoa ya unyevu. Nyumba mpya za mjini ni za matofali ya saruji, na kuta zake hupakwa krimu, kijani hafifu au buluu ya anga, ile ambayo Msomali yeyote ataifananisha na bendera yake.

Kwenye ukuta wa chokaa, fremu nyeupe ya dukani hufanya kitu kisichotarajiwa: huuchongea ukuta. Weupe wake wa plastiki huufanya ule wa chokaa uonekane mchafu. Kahawia iliyokolea, rangi ya mkoko au mvule uliopakwa vanishi, huukubali ukuta huo bila ugomvi, kwa kuwa milango na boriti za dari zina rangi hiyohiyo. Nyeusi nayo inafaa, hasa nyembamba. Kwenye ukuta wa buluu ya anga mambo hugeuka. Hapo fremu nyeupe hupendeza sana, na ya kahawia huonekana nzito, kama mtu aliyevaa koti juani. Kijani hafifu ndicho kigumu zaidi. Fremu ya kijani juu yake haiendi hata ikiwa ni kijani kingine, na dhahabu inayong'aa hupiga kelele. Nyeusi au dhahabu iliyofifia hukata shauri.

Watu wa mwambao walijua jambo hili kabla kamera haijafika. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate, vidaka (wenyewe huviita zidaka) vilijengwa ukutani kwa safu na kutiwa chokaa iliyochongwa, kisha ndani vikawekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina na kwingineko. Kila kidaka ni fremu: ukingo mweupe ulionakshiwa, kivuli kidogo ndani, na katikati bakuli la buluu. Aliyepanga vile alielewa kwamba ukingo kazi yake ni kuliacha jicho litulie mahali pamoja.

Baadaye zilikuja picha. Lamu ilikuwa na Bakor Studio ya Omar Said Bakor, mpiga picha aliyejulikana kwa kukata na kuunganisha picha, sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua au umbo jingine. Kwa hakika alikuwa akitia fremu ndani ya picha yenyewe.

Lakini mfanyabiashara asidhani kila nyumba ya Kismayu inataka picha ya mtu ukutani. Familia nyingi huona haya au huona ni makosa ya dini kutundika sura ya kiumbe chenye roho, hasa katika chumba kinachosaliwa. Kinachotundikwa sebuleni ni Ayat al-Kursi, picha ya Kaaba, pengine jahazi au bandari. Picha za watu hukaa chumba cha ndani, au kabatini. Kwa hiyo mzigo unagawanyika wenyewe: fremu kubwa za aya, na fremu ndogo za familia, na rangi zake si moja. Maandishi ya aya mara nyingi huchapwa kwa dhahabu juu ya weusi au kijani kilichokolea. Fremu ya dhahabu tupu kuzunguka maandishi ya dhahabu huyapunguzia nguvu. Nyeusi yenye mstari mwembamba wa dhahabu upande wa ndani huyainua, na fremu ya namna hiyo huenda na karibu kila ukuta. Mwenye pesa ya kununua aina moja tu ya fremu kubwa aanze na hiyo.

Zile ndogo ndizo zenye uzito wa aina nyingine. Vita vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa majahazi na mashua kwenda Kenya, na wengi wakaishi kambini Mombasa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi au kutawanyika ng'ambo. Mtu akikimbia kwa mashua habebi sanduku la picha. Ndiyo maana katika familia nyingi picha za kabla ya 1991 ni chache mno: moja ya harusi, moja ya babu kando ya chombo chake, ndogo iliyong'olewa kwenye cheti. Mteja anayeleta picha kama hiyo haleti pambo. Akiuziwa fremu itakayoila picha, hana nyingine.

Picha hizo zina rangi zake ambazo muuzaji anapaswa kuzitazama kabla ya kushika fremu. Za rangi za miaka ya 1970 zimepoteza buluu na kuelekea wekundu na machungwa. Za nyeusi na nyeupe zimeingia umanjano. Zote mbili huonewa na fremu nyeupe, kwa sababu macho hulinganisha, na picha huonekana imechakaa kuliko ilivyo. Kahawia iliyokolea huupokea umanjano na kuufanya uonekane ni wa makusudi. Kati ya picha na kioo ni lazima pawepo ukingo wa kadibodi, krimu badala ya nyeupe, ili picha isiguse kioo. Kwa unyevu wa pwani, picha iliyogusa kioo huganda nacho, na siku ya kubandua uso wa marehemu hubaki kwenye kioo. Ushauri bora zaidi hauhusu rangi: nakala itolewe na kuchapwa, nakala hiyo ndiyo itundikwe, na ya asili ihifadhiwe pakavu mbali na jua.

Zipo pia fremu za Lamu zinazotengenezwa kwa mbao za majahazi makuukuu, rangi za zamani zikiwa bado zimeng'ang'ania, bluu juu ya kijani juu ya nyekundu. Watalii huzipenda, na nje ya nchi zinapata bei. Kismayu na visiwani ni soko baya kwa bidhaa hiyo. Mvuvi hatatoa dola kununua rangi inayobanduka. Ufukweni ana chombo kizima chenye hiyo rangi, na anatafuta pesa ya kukipaka upya. Wabajuni walioko Ulaya ni habari nyingine. Kwao kipande cha mbao ya chombo ukutani kinasema jambo ambalo ukuta wa London hauwezi kulisema.

Rangi haiwezi kutenganishwa na kilicho chini yake. Fremu za MDF, yaani nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, huja na rangi nzuri na bei ndogo, lakini unyevu ukipenya kwenye pembe huvimba na kuchanua kama mkate. Dhahabu ya kupulizia juu ya plastiki hubabuka. Chuma chenye rangi hutoa kutu kupitia mkwaruzo wa kwanza. Mbao ngumu yenye vanishi na aluminiamu nyeusi ndizo zinazostahimili zaidi. Msumari wa kutundikia uwe wa shaba au usioshika kutu, vinginevyo mwaka hautaisha kabla ukuta haujachora mstari mwekundu.

Kuhusu njia, mambo yaende kwa uangalifu. Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kuufungua kwa awamu mpaka uliofungwa tangu 2011, Mandera kwanza, kisha Liboi, kisha Ras Kamboni. Julai mwaka huohuo Kenya ikaahirisha baada ya mashambulizi. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na kuwa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024, lakini kuwa mwanachama si sawa na kuanza siku hiyohiyo kutoza ushuru kwa utaratibu mmoja. Utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya, unaomhudumia mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, usihesabiwe katika faida kabla ya kuuliza forodha upande wa pili. Kwenye karatasi, fremu za mbao zimo kifungu cha 44.14 na za chuma, shaba au aluminiamu kifungu cha 83.06. Zikiandikwa pamoja kama "mapambo ya nyumba" huleta mabishano, na mabishano bandarini ni siku zinazolipiwa. Kismayu kwenyewe bei husemwa kwa dola na malipo mengi hupita kwenye simu.

Chombo cha kwenda kaskazini husukumwa na kusi, lakini kusi ikipamba moto, Juni na Julai, bahari huchafuka na mzigo hulowa. Fremu zisafiri bila vioo; fundi wa madirisha atavikata kulekule kwa kipimo. Zifungwe kwa nailoni, uso kwa uso, karatasi katikati, nyeusi na nyeusi, dhahabu na dhahabu. Zikichanganywa, nyeusi huisugua dhahabu njia nzima, na zinapofunguliwa huwa zimeshakuwa za kuuza nusu bei.