Kupitisha, Kuelekeza na Kuruhusu: Maneno ya Mpakani Ndani ya Ukuta wa Moto

Kitenzi pitisha, kinyambuo cha kusababisha cha pita, hubeba maana mbili ambazo katika mazungumzo ya kawaida hazigombani. Ya kwanza ni kukifanya kitu kipite mahali: uzi hupitishwa katika tundu la sindano. Ya pili ni kuidhinisha: Bunge hupitisha muswada, kamati hupitisha bajeti. Msikilizaji huitambua maana kwa muktadha, wala hapotezi kitu. Katika maandiko ya mitandao ya kompyuta, hata hivyo, maana hizo ni kazi mbili, zinazopangwa katika sehemu mbili tofauti za kifaa. Mfasiri anayeandika "kupitisha data kati ya mifumo pepe" bila kufafanua huweza kumfanya fundi aikamilishe kazi moja na kuisahau ya pili. Matokeo huwa ni mtandao usiofanya kazi. Au, fundi akichoka kutafuta kosa na kuamua kuruhusu kila kitu, mtandao usio na ulinzi.

Tofauti hiyo huonekana wazi Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingilia hapo Zambia, na upande wa pili ni mji wa Nakonde. Lori lenye shehena ya kwenda Lusaka lina njia: lami ipo, na dereva anajua aendako. Njia hiyo haimpi haki ya kuvuka. Kinyume chake, dereva mwenye hati zote zilizogongwa mihuri hafiki popote iwapo daraja limesombwa na maji. Njia ni jambo moja, ruhusa ni jambo jingine, na lori huvuka pale tu yote mawili yanapokuwapo.

Kituo cha huduma za pamoja mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa rasmi tarehe 5 Oktoba 2019 na Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia. Katika utaratibu wa zamani gari lilisimama mara mbili, kwanza upande wa kutokea, kisha upande wa kuingilia. Katika utaratibu wa pamoja husimama mara moja, katika nchi linakoingia: gari liendalo Zambia hushughulikiwa Nakonde, na litokalo Zambia hushughulikiwa Tunduma. Hapo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, ndani ya eneo la pamoja la udhibiti. Wa nchi ya kutokea humaliza kwanza taratibu zao, ndipo wa nchi ya kuingilia waanze zao. Kituo cha kusimama kimekuwa kimoja, lakini maamuzi yamebaki mawili, kila moja kwa sheria za nchi yake.

Ukuta wa moto wenye mifumo pepe umejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Jina lenyewe lina dosari ndogo: asili yake ni ukuta unaozuia moto usienee kutoka chumba kimoja hadi kingine, si ukuta unaowaka. Kingamoto, kwa mfano wa kingamwili, lingekuwa neno sahihi zaidi kimaana. Lakini ukuta wa moto umekwisha kuzoeleka, na hapana faida kubwa ya kuupinga. Ni kifaa au programu inayokagua pakiti za data na kuamua zipi zipite. Kifaa kimoja kikubwa huweza kugawanywa kuwa mifumo pepe kadhaa, kila mmoja ukiwa na kanda zake, kanuni zake na hata msimamizi wake asiyeona mambo ya mwenzake.

Neno pepe, lililozoeleka kupitia barua pepe na ambalo huhusishwa na upepo, halibadiliki kwa ngeli: mfumo pepe, mifumo pepe, ruta pepe. Wapo wanaotafsiri "mfumo wa mtandaoni", na hilo ni kosa, kwa kuwa huo ni mfumo unaotumika kupitia intaneti. Wapo pia wanaosema "mfumo dhahania". Hilo nalo halifai: mfumo pepe haukufikiriwa tu, bali huzuia na kuruhusu kama kifaa kinachoshikika.

Ichukuliwe ofisi ya kubuni mjini Tunduma yenye idara mbili zinazotumia ukuta mmoja wa moto. Idara ya fedha iko katika mfumo pepe wa kwanza, na anwani zake zinaanza na 10.10. Idara ya maghala iko katika mfumo wa pili, na anwani zake zinaanza na 10.20. Mhasibu anataka kusoma orodha ya mizigo iliyo katika seva ya maghala. Kwa kawaida mifumo hiyo miwili haijuani kabisa, kama kwamba ni vifaa viwili vilivyo katika miji miwili. Zamani iliwezekana kutoa waya katika tundu moja la kifaa na kuurudisha katika tundu jingine la kifaa hichohicho, jambo linalofanya kazi lakini linalokula matundu bure. Vifaa vya leo huruhusu pakiti zivuke kwa ndani.

Katika vifaa vya Palo Alto Networks, kwanza kila mfumo hutangazwa kuwa unaonekana kwa mwenzake. Kisha huja kuelekeza: ruta pepe ya idara ya fedha huambiwa kuwa anwani za 10.20 zinafikiwa kupitia ruta pepe ya maghala, na ruta ya maghala huambiwa vivyo hivyo kuhusu 10.10. Hiyo ndiyo lami. Baada yake huja kuruhusu, na hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza.

Katika kila mfumo huundwa kanda maalumu ambayo haina waya wala tundu lolote, na ambayo huwakilisha mfumo ule mwingine. Jina lake la Kiingereza humvuta mfasiri aandike "kanda ya nje", na msomaji wa Kiswahili akiona nje hufikiria intaneti. Fundi aliyeelewa hivyo huweza kukataa kuifungulia kanda hiyo, kwa hofu ya haki kabisa, au kuiwekea kanuni zilizokusudiwa wageni. Lakini nje hapa ni nje ya mfumo mmoja tu. Pakiti bado imo ndani ya kifaa. "Kanda ya mpakani" husema ukweli zaidi, hasa kwa anayelijua eneo la pamoja la udhibiti.

Kwa istilahi hiyo, kanuni zinazohitajika ni mbili. Mfumo wa fedha huruhusu kutoka kanda ya ofisi kwenda kanda ya mpakani. Mfumo wa maghala huruhusu kutoka kanda ya mpakani kwenda kanda ya seva. Mmoja ukiruhusu na mwingine ukanyamaza, pakiti haifiki, kwa sababu kunyamaza kati ya kanda mbili huhesabiwa kuwa kukataa. Ndiyo maana muunganisho mmoja wa mhasibu huonekana mara mbili katika kumbukumbu za kifaa, kila mfumo ukiandika wa kwake.

Mfano wa mpakani una kikomo. Lori linaporudi Dar es Salaam hukaguliwa upya. Jibu la seva halihitaji kanuni mpya, kwa kuwa ukuta wa moto hukumbuka ombi lililotangulia na kulitambua jibu lake. Linachohitaji ni njia ya kurudi, na ndiyo sababu ruta zote mbili huelekezwa. Maandiko yanayosema "majibu hupitishwa yenyewe" huificha nusu hiyo: huruhusiwa yenyewe, lakini hayaelekezwi yenyewe.

Limebaki neno kwa data zenyewe zinazopita. "Msongamano wa mtandao" hutumika mno, hata pale ambapo hapana kilichosongamana. Ni kama kuita kila lori linalopita Tunduma foleni. "Trafiki" nalo lina mzigo wake, kwani Mtanzania akilisikia humwona kwanza askari wa usalama barabarani. "Data zinazopita" ni refu kidogo, ila halimpotezi mtu, na msongamano ukabaki kwa siku mtandao unapoelemewa kweli.

Wafasiri wa vifaa vya Cisco wana mtego wao peke yao: mgawanyo wa namna hii, katika baadhi ya vifaa vyake, huitwa kwa neno ambalo kamusi nyingi hulitafsiri muktadha. "Kuelekeza data kati ya miktadha" ni sentensi sahihi kisarufi, na mwalimu wa isimu ataisoma bila kushtuka. Fundi aliye mbele ya kifaa anahitaji mfumo pepe.