Nyumba ya Kuuza Mocímboa da Praia: Mnunuzi Anakuja Kutazama Nini?

Mwenye nyumba akishaamua kuuza, mawazo yake hukimbilia rangi, ufagio na majani ya kung'oa uani. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini katika Mocímboa da Praia, mji wa bandari kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, liko swali linalotangulia: mnunuzi akipiga hodi, anakuja kutazama nini hasa? Tukishajua kinachouzwa, ndipo tutajua cha kutengeneza.

Tuanze na sheria. Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya dola. Katiba na Sheria ya Ardhi namba 19 ya mwaka 1997 zinakataza kuiuza au kuiweka rehani. Anachopewa mtu ni haki ya kutumia ardhi na kunufaika nayo, ambayo wenyeji huiita kwa kifupisho chake cha Kireno, DUAT. Kinachouzwa, basi, ni jengo. Hata hivyo, kwa nyumba za mjini sheria hiyo inaeleza kwamba jengo likihamishwa kwa mtu mwingine, haki ya kutumia kiwanja chake huhama pamoja nalo. Msomaji wa Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hataona jambo geni sana hapa. Kwa hiyo mnunuzi ana mambo mawili ya kutazama: jengo, ambalo macho yanaliona, na haki, ambayo macho hayaioni.

Haki huthibitishwa vipi? Njia iliyo wazi zaidi ni hati iliyotolewa na mamlaka. Mjini, mamlaka hiyo ni manispaa. Lakini sheria inamtambua pia raia aliyekitumia kiwanja kwa nia njema kwa miaka 10 au zaidi, na yule aliyekipata kwa mila za jamii yake. Kukosa hati peke yake hakuifuti haki ya namna hiyo. Inaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa wanajamii, wanawake kwa wanaume, au kwa uchunguzi wa mtaalamu.

Kipengele hicho kina uzito wa pekee hapa. Mji ulishambuliwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017, ukatekwa na waasi Agosti 2020, na kukombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Wakazi walikimbilia Pemba, Mueda na kwingineko, wengi wakiwa na nguo walizovaa tu. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu atauliza: nani alijenga, nani alikaa humu wakati mwenyewe hayupo, na ni nani mwingine anayeweza kurudi kesho akidai kuwa hapa ni kwao?

Matayarisho ya kwanza, basi, ni kukusanya majibu. Kama hati ipo, itolewe nakala. Kama haipo, mwenye nyumba aende kwa katibu wa mtaa, secretário do bairro, na kwa wazee wanaoijua historia ya kiwanja, kisha aulize manispaa utaratibu wa kupata hati. Nyumba ikiwa ya mirathi, warithi wakubaliane kabla mgeni hajaalikwa. Ikiwa ya mke na mume, wote wawili waridhie. Mnunuzi akisikia mabishano ya ndugu barazani, hata bei nafuu haitamrudisha.

Pili ni mipaka. Majirani waitwe, waonyeshane alama: mti, ukuta, jiwe au kigingi. Mahali ambapo uzio uling'olewa au ulioza wakati watu hawapo, usisimamishwe upya kwa kukisia. Mpaka uliokubaliwa mbele ya mashahidi unamwondolea mnunuzi hofu ya kesi, na jirani aliyeshirikishwa mapema hatakuwa na sababu ya kunong'ona siku ya kutazama.

Tatu ni jengo lenyewe. Katika nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti, adui wa kwanza ni maji na wa pili ni mchwa. Makuti yaliyochakaa yabadilishwe kabla ya msimu wa mvua, na nguzo zigongwe na kuchomwa kwa ncha ya kisu sehemu ya chini, karibu na ardhi, ambako mchwa huanzia. Nguzo yenye mlio wa uwazi ni ya kubadilishwa. Udongo mpya juu yake hautaiokoa.

Nyumba ya matofali ya saruji ina ugonjwa mwingine, chumvi. Matofali yakifyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, chumvi hubaki ndani ya ukuta. Chumvi huvuta unyevu. Ukuta ukikauka, chumvi hiyo huja juu na kuganda kama unga mweupe, ikisukuma rangi na plasta. Penye nondo, chumvi huharakisha kutu; kutu huvimba, na zege hupasuka. Ndiyo maana rangi inayopakwa juu ya ukuta wa namna hii huanza kubanduka baada ya muda mfupi. Kwanza unyevu uzuiwe unakoingia, plasta iliyooza ibanduliwe, ukuta ukauke, ndipo ipakwe rangi. Mabati nayo yaangaliwe kwenye misumari, kwa kuwa upepo wa bahari huanzia hapo kuleta kutu.

Maji na choo huamua mengi. Kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kutoa maji ya chumvi, hasa kiangazi. Mgeni aachwe ayaonje. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, na mita 30 ni kipimo kinachotumika sana. Kama umbali huo haupo, mgeni aambiwe wazi.

Sasa ndipo inapokuja rangi, pamoja na usafi, mwanga na hewa. Madirisha yafunguliwe mapema, vitu visivyotumika vitolewe, ua ufagiliwe. Siku ipangwe na dalali na familia, kwa kukwepa saa ya sala ya Ijumaa, na wenye nyumba waarifiwe ili faragha ya ndani isivunjwe ghafla. Awepo mtu mmoja wa kujibu maswali, anayeijua nyumba tangu msingi.

Hata baada ya kuafikiana, uuzaji wa jengo unahitaji hati rasmi mbele ya notari, yaani ofisa anayethibitisha mikataba, na mnunuzi hulipa kodi ya kuhamisha milki iitwayo SISA, ambayo ni asilimia 2. Fedha hiyo anaipigia hesabu tangu siku ya kutazama. Pia Sheria ya Madai ya nchi inampa mnunuzi haki ya kudai pale kasoro ilipofichwa kwa hila. Ufa uliozibwa kwa rangi, kwa hiyo, unaweza kumgharimu muuzaji zaidi ya ufa ulioonyeshwa na kupunguziwa bei.

Tukiyaunganisha hayo, mpangilio wa matumizi unajitokeza wenyewe. Rangi ni nafuu na huonekana upesi, ndiyo maana huvutia kuanza nayo. Lakini haijibu swali lolote kati ya yale makubwa ya mnunuzi. Mwenye fedha kidogo azitumie kwanza kwenye hati na mashahidi, kisha mipaka, kisha paa na kuta, kisha maji. Kitakachobaki anunue rangi. Kisipobaki, afagie tu na kumkaribisha mgeni. Nyumba iliyofifia yenye majibu itauzika zaidi Mocímboa kuliko inayong'aa isiyo na shahidi.