Kitambulisho Mfukoni, Je, Sauti Iko Wapi?

Katika vikundi vingi vya Msambweni na Lungalunga wamo vijana ambao babu zao hawakuzaliwa hapa. Tunalima nao, tunafuga nao, tunachanga nao. Lakini siku ya kura, na siku ya kikao cha bajeti, je, tuko nao? Katika toleo hili tuzungumze jambo hilo.

WALITOKA WAPI?
Wamakonde walitoka Msumbiji. Wengi walikuja wakati wa mkoloni, kuanzia miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengine walikimbia vita kwao. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, hawakuandikwa kuwa raia. Watoto wao wakazaliwa hapa, wakasoma hapa, wakafika miaka 18 bila kitambulisho.

Na bila kitambulisho, maisha ni ya kuazima jina. Laini ya simu, jina la jirani. Akaunti ya benki, jina la jirani. Hata shamba. Siku mkikosana na huyo jirani, utashtaki wapi? Mambo ya kura ndiyo usiseme kabisa.

NINI KILIBADILISHA MAMBO?
Oktoba 2016 Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Kumbukeni, hawakuwa na kura hata moja ya kumtishia mwanasiasa. Walichokuwa nacho ni umoja, na marafiki wa kutetea haki waliosimama nao. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na Agosti 2017 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi.

Basi tunajifunza kwamba siasa haianzi kwenye sanduku la kura. Inaanza watu wanapokaa pamoja na kusema, "Shida yetu ni hii."

KAZI ILIYOBAKI
Kitambulisho hakipigi kura chenyewe. Kijana mmoja atasema, "Wazee walishapigania, yametosha." Mwingine ataona haya: "Mimi wa kuja, nitasema nini mbele ya wenye mji?" Ndugu zetu, Katiba ya 2010, Ibara ya 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kujiandikisha, kupiga kura na kugombea. Haiulizi babu yako alizikwa wapi.

Hasara ya kunyamaza ni yetu sote. Kama kijiji cha Wamakonde hakina maji, na hakuna mtu wake kikaoni, bomba litapita kando. Asiyekuwepo na lake halipo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?
1. Hesabuni wanachama na watoto wao waliofika miaka 18. Nani hana kitambulisho? Msimwache aende peke yake. Mtu mmoja wa kikundi amsindikize kwa chifu, aulize hati zinazotakiwa.

2. Mwenye kitambulisho ajiandikishe kupiga kura. Ni bure. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na foleni ya siku ya mwisho sote twaijua.

3. Jueni kalenda ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni ya wananchi husikizwa kabla ya kupitishwa. Muulizeni msimamizi wa wadi tarehe na mahali pa kikao.

4. Tumeni vijana wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliotoka nje. Waende na ombi moja lililoandikwa, si kumi. Wakirudi, watoe taarifa kwa kikundi.

5. Mkichagua viongozi, msimpe kijana wa Kimakonde au wa Kipemba kazi ya kubeba viti tu. Awe karani, ashike hazina. Anayezoea kusimamia daftari la kikundi hataogopa kuuliza juu ya daftari la kaunti.

JADILIANENI
Katika mkutano wenu ujao, ulizaneni: katika kikao cha mwisho cha wadi yetu, ni nani alizungumza? Na ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuulizwa?