Kujaza Gesi ya Kiyoyozi cha Gari katika Nyanda za Juu za Songwe

Kiyoyozi cha gari hupoza kwa kuhamisha joto: kompresa huibana gesi ya kupoozea hadi ikapata moto, kondensa iliyo mbele ya rejeta hulitoa nje joto hilo na kuigeuza gesi kuwa kimiminika, kisha kimiminika hicho hupenya katika tundu jembamba la vali ya upanuzi na kuchemka ndani ya evapareta, kikifyonza joto la hewa inayopulizwa kwa abiria. Kwa kuwa mzunguko huo umefungwa, gesi haitumiki ikaisha kama dizeli. Ikipungua sana, imevuja, na kuijaza bila kutafuta mvujo ni kumla mteja fedha yake.

Magari mengi yanayopita Tunduma hutumia gesi ya R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12 baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuzidhibiti kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni. R-134a haiiharibu ozoni, lakini kwa uzito uleule hupasha dunia joto takribani mara 1,430 kuliko kaboni dayoksaidi, ndiyo maana nayo imo katika Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, na haifai kuachiwa hewani wakati wa matengenezo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukisia kiasi cha gesi kwa kutazama geji. Maadamu kimiminika kingalimo, mkandamizo wa mfumo uliozimwa hufuata halijoto, wala haufuati wingi, kama ilivyo kwa mtungi wa gesi ya kupikia. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi geji itaonyesha takribani pauni 70 kwa inchi ya mraba, ziwemo gramu 500 au 250. Hata injini ikiwaka, asubuhi ya baridi ya Juni au Julai upande wa mkandamizo mdogo husoma chini, fundi akaendelea kuongeza, na gari likiteremka bonde la Momba kuelekea Ziwa Rukwa, kwenye joto kali, mkandamizo hupanda hadi swichi ya usalama ikaizima kompresa. Kipimo cha haki ni mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kabla ya kujaza, pampu huvuta hewa na unyevu, kwa sababu maji yakibaki huganda kwenye vali na kuzaa asidi inayokula metali. Vitabu vingi vya ufundi hutaja inchi karibu 30 za zebaki, kipimo cha usawa wa bahari; katika mwinuko wa mita 1,500, ambao ni wa kawaida katika nyanda za Mbozi, hewa yenyewe hukandamiza kwa inchi 25 tu, hivyo mshale hauwezi kupita hapo hata pampu ikiwa mpya. Kinachofaa kuangaliwa ni kama mshale unatulia mahali pake pampu ikishazimwa kwa nusu saa. Ukirudi, mvujo au unyevu bado upo.