Meneja wa Siku Mbili kwa Wiki: Gharama Yake ni Ipi?

Vikundi vya kukamua alizeti vinapokua, kamati hutuuliza: tuajiri meneja wa kudumu, au wa siku mbili kwa wiki? Tuchukue mfano. Mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi, pamoja na asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF, ni 880,000. Mwajiriwa wa siku nane kwa mwezi, kwa 50,000 kwa siku, pamoja na NSSF (haikwepeki), ni 440,000. Hapo wengi hufunga daftari.

Lakini mashine haisimami siku ambazo meneja hayupo. Nani atapima mbegu na kuidhinisha malipo ya fundi? Wakati wa mavuno bei hubadilika upesi. Mzigo ukichelewa kununuliwa na bei ikapanda shilingi 10,000 kwa gunia, magunia 44 tu yanameza nafuu yote ya mwezi.

Kwa hiyo tunashauri mkataba uhesabu siku za mwaka, si za wiki. Katika siku zile zile 96, takribani 60 ziwekwe Mei hadi Agosti. Ufunguo wa ghala apewe mtu anayeshinda hapo kila siku, lakini asiwe mtunza hazina.